Kipanya cha plastiki: kujenga Hiace ya 1/24 ukiwa Tanga

Kabla hujanunua gundi wala rangi, chukua futi uende stendi. Chagua kipanya kimoja, hasa kile unachokipanda kila siku, msalimie dereva vizuri, mweleze shida yako, halafu pima. Watacheka. Mimi walinicheka hadi konda akaitwa kutoka kwenye chai yake aje aone mtu anayepima tairi kwa futi ya fundi cherehani. Lakini vipimo vile ndivyo vilivyoniokoa baadaye, kwa sababu picha ya kwenye boksi la seti, yaani vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, huonyesha gari la Kijapani lililotoka kuoshwa, na mimi nilitaka gari la Raskazone lenye bampa lililofungwa kwa waya.

Hesabu yenyewe nyepesi. Modeli nyingi za magari kutoka Japani ni za kipimo cha 1/24, yaani milimita 24 za gari la kweli ni milimita 1 mezani kwako. Za Marekani nyingi ni 1/25, kwa hiyo ukinunua matairi au siti za ziada angalia namba hiyo kwanza. Hiace ya umbo la 200, iliyotoka mwaka 2004, ile ya bodi ya kawaida, ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980. Gawa kwa 24: urefu unakuwa milimita 195.6, upana 70.6, kimo 82.5. Linakaa kwenye kiganja na kuzidi kidogo. Tairi la 195/80R15 lina kimo cha milimita 693 hivi, kwa hiyo la kwako liwe karibu milimita 29. Andika kila kitu kwenye daftari: upana wa mstari wa rangi ubavuni, urefu wa kibao cha namba, safu ngapi za siti, kioo kipi kimezibwa kwa nailoni. Piga picha pia, na upige hata chini, kwenye matope.

Kuchagua seti

Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, majina makubwa ya kazi hii, yote yako mkoa mmoja wa Shizuoka, Japani. Shizuoka kwa modeli ni kama Muheza kwa machungwa. Kwa kipanya, tafuta Hiace 200 Super GL ya Aoshima. Usukani uko kulia kama wetu, na bodi inakuja ya plastiki nyeupe, jambo litakalokupunguzia kazi ya rangi. Injini haimo, na hilo lisikuudhi: injini ya Hiace inakaa chini ya siti za mbele, nani ataiona? Maelekezo ni ya Kijapani lakini michoro inajieleza. Fuata namba na mishale.

Wapo wanaopenda magari ya mashindano. Hasegawa wana Datsun 1600 SSS ya Safari Rally ya mwaka 1970, gari aliloshinda nalo Edgar Herrmann. Rally hiyo ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo hata hilo lina undugu na sisi. Ila stika zake ni nyingi na ndogo. Liache liwe la pili au la tatu.

Seti utaagiza nje, ama mwenyewe kwa mtandao, ama kupitia ndugu anayesafiri. Uliza bei yote pamoja na usafiri na kodi kabla ya kulipa, maana boksi ni jepesi lakini kubwa, na wengine hutoza kwa ukubwa. Likifika, lifungue mbele ya aliyekuletea. Langu la kwanza lilifika limekaliwa na mzigo mzito, kioo cha mbele kimepasuka katikati, na aliyelileta akaniambia gari bovu huletwa bovu. Nilikata kioo kingine kutoka kwenye plastiki angavu ya boksi la shati, nikitumia kile kilichopasuka kama ruwaza. Mpaka leo hakuna aliyegundua.

Vifaa

Vingi viko mtaani. Kikata kucha chenye ncha iliyonyooka kinatosha kukatia vipande. Kisu cha karatasi chenye wembe wa kubadilisha, kibano cha nyusi, vibanio vya nguo, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na njiti za ufagio wa chelewa za kukorogea rangi na kushikilia vipande vidogo. Msasa wa maji nenda kanunue duka la rangi za magari: namba 400, 800, 1000 na 2000, karatasi moja moja. Kitu ambacho sikushauri ubahatishe ni gundi. Agiza pamoja na seti chupa ya gundi nyembamba ya plastiki, ile yenye brashi kwenye kifuniko.

Kukata na kugundisha

Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na namba yake. Usivikate vyote siku ya kwanza kwa furaha. Namba iko kwenye fremu, si kwenye kipande, na ukishakata umebaki na mafumbo. Kata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu, halafu malizia kwa wembe na msasa wa 400, ukifuata na 800. Ukivunja kwa kukunja, plastiki hubaki na doa jeupe ambalo hata rangi hulionea aibu kulificha.

Gundi ya plastiki haishiki kama supa gluu. Inayeyusha pande zote mbili hadi ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo unganisha vipande vikiwa vikavu, vishike, kisha gusa ufa kwa ncha ya brashi tu. Gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Angalia vidole vyako vilipo. Ikikimbilia chini ya kidole, utaacha alama yako pale kama mtu aliyesaini hati. Ikitokea, usifute. Acha hadi kesho, pakauke, kisha sugua kwa msasa.

Nyufa zilizobaki zizibe kwa dawa ya bure: katakata vipande vya fremu tupu, vitie kwenye kichupa chenye gundi hiyo kidogo, funga, acha usiku mmoja. Utapata uji mzito wa plastiki ileile ya gari lako. Paka, ngoja siku mbili, sugua. Filla ya gereji nayo inafaa, lakini kwa ufa wa nusu milimita ni kama kuchinja kuku kwa panga.

Taa na urembo wa mbele huja zimepakwa rangi ya fedha inayong'aa. Kipanya chetu grili yake ilishapigwa rangi nyeusi miaka mingi, kwa hiyo nilitumbukiza kipande kile kwenye Jik. Ng'aro inatoka yenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Vaa glovu, fungua dirisha, na usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwani hewa inayotoka ni sumu. Vikombe vya ndani ya taa viache na ng'aro yake.

Rangi, na unyevu wa bahari

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza osha bodi kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Pitisha mgongo wa wembe polepole kwenye mistari ya milango ili iwe mirefu kidogo kwenda ndani. Rangi itaijaza baadaye na mlango usipoonekana, gari linakuwa sabuni. Kisha bandika bodi kwa tepu juu ya chupa tupu ya soda, upate mpini.

Nilimpelekea fundi rangi mmoja wa gereji bodi yangu ya kwanza aipulize kwa rangi ya gari na thina yake. Akaitazama, akanirudishia. "Mwanangu, bati haliliwi na thina. Hii yako ni peremende." Alisema kweli. Thina kali huyeyusha polistireni, plastiki ya modeli hizi. Ukitaka kutumia rangi ya gari, lazima kwanza upake praima ya makopo, yaani rangi ya msingi, na uipake kama vumbi: pitisho jepesi, dakika 10, jingine jepesi, hadi plastiki ifunikwe. Tumia praima nyeupe chini ya rangi nyeupe. Nyeupe juu ya kijivu itakudai mapitisho mengi, na kila pitisho linakula mistari ya milango.

Kuna kanuni ya mafundi ambayo inafaa huku pia: kali chini, laini juu. Rangi ya mafuta ya nyumba inaweza kukaa juu ya rangi ya gari iliyokauka. Ukigeuza, ile kali itaikunja ya chini kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Kopo lishike sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Anza kupuliza kabla ya gari, pita, maliza baada ya gari. Usianze wala kusimama juu yake. Mapitisho matatu mepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake. La mwisho ndilo liwe na maji kidogo ili ling'ae.

Sasa unyevu. Nilipuliza mstari wa bluu saa mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, mvua imetoka kunyesha, hewa imetulia, nikaona ndio wakati mzuri kwa kuwa hakuna upepo. Baada ya dakika chache bluu yangu ikawa kama chai ya rangi iliyotiwa maziwa. Thina inapokauka haraka huipoza rangi, na hewa yenye maji mengi huacha umande wake juu ya ubaridi huo, ndani ya rangi ambayo bado ni mbichi. Ndio ule ukungu mweupe.

Tangu hapo napuliza kati ya saa saba na saa tisa mchana, saa ambazo hewa ina unyevu mdogo kuliko asubuhi, na kazi kubwa ya rangi naiweka msimu wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Masika najenga siti na kukata vipande. Kipimo changu cha hewa ni kopo la chumvi jikoni. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, kwa hiyo ikishikamana na kugoma kutoka kwenye matundu, nafunga makopo ya rangi. Ukungu ukishatokea, ngoja siku kavu, sugua kwa 1000, puliza upya.

Vumbi nalo. Zima feni, mwagia sakafu maji kidogo nusu saa kabla, na ukimaliza funika gari kwa ndoo safi ya plastiki. Nilijaribu kawa ya mama, nikaona ni busara kutumia kitu cha nyumbani. Ikadondosha nyuzi za ukindu juu ya paa, na mama naye akauliza kwa nini kawa yake inanuka gereji.

Thina na rangi hizi ni sumu na zinashika moto. Pulizia nje au mlangoni, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke (ya kitambaa haizuii), mbali na jiko la mkaa, na makopo yawekwe juu watoto wasikofika.

Mstari wa njia

Acha nyeupe ikauke siku mbili angalau. Bandika tepu kwanza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ikate ukingo mpya kwa wembe na rula, kwa sababu ukingo wa dukani una manyoya. Ibandike kwenye gari kwa vipimo ulivyochukua stendi, ikandamize kwa kucha, hasa inapopita kwenye mifereji ya milango. Halafu, kabla ya rangi ya mstari, puliza nyeupe kidogo kwenye ukingo wa tepu. Ikipenya, ni nyeupe juu ya nyeupe, na imeshaziba njia. Ndipo upulize rangi ya njia yako. Toa tepu rangi ikiwa imeshika lakini haijakauka kabisa, ukiivuta kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe, si kwenda juu.

Kama pamebaki na mchirizi, kidogo cha dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa laini kinautoa, na ndiyo hiyo hiyo inayosafisha ung'avu wa bodi. Isiwe ya jeli.

Ndani ya gari

Super GL ilitengenezwa kwa familia ya Kijapani yenye nafasi ya kunyoosha miguu. Yetu inabeba watu hadi wa kusimama wameinama. Kwa hiyo siti za nyuma utajenga mwenyewe. Tafuta vifuniko na vikombe vya plastiki vyenye pembetatu iliyoandikwa 6 au PS: hiyo ni polistireni, jamaa ya gari lako, na gundi yako itaishika. Kata migongo na makalio ya siti, weka safu kama ulivyohesabu, usisahau vile viti vya kukunja vya njiani. Kadi za zamani za benki ni nzuri kwa sakafu kwa kuwa zimenyooka, ila ni plastiki nyingine, hizo tumia supa gluu.

Rangi ya ndani isiwe na mng'ao. Kijivu, kahawia, na mahali makalio yanapokaa sugua kidogo kwa rangi nyepesi zaidi ili ionekane pamechakaa. Nyeusi tupu usiitumie popote, hata kwenye matairi. Kwa ukubwa huu huonekana kama shimo. Changanya na kijivu. Matairi ya mpira yasugue kwa msasa wa 400 sehemu inayokanyaga barabara, maana tairi jipya linalong'aa kwenye kipanya ni uongo mtupu.

Bomba la kushikia la konda nalitengeneza kwa fremu iliyobaki. Pasha kipande juu ya mshumaa bila kugusa moto, kizungushe, kikilainika ondoa na uvute pande mbili taratibu. Unapata ufito mwembamba kadiri ya mvuto wako. Mshumaa na thina visikutane meza moja. Kama gari lako ni la njia ya shamba na lina keria juu, fito hizo hizo zinajenga keria, na mizigo ifunge kwa uzi mmoja mmoja wa katani. Uzi wa mkonge una unene wa karibu milimita 0.2, na mara 24 hiyo ni kama kamba ya milimita 5, kamba ile ile wanayofungia magunia. Mkonge wa Tanga kufunga mzigo wa Tanga. Hapo nilijipongeza peke yangu.

Vioo na maandishi

Supa gluu isikaribie kioo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu na hautoki kwa kufuta. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Inakauka ikawa angavu, na ikimwagika unafuta kwa kitambaa kibichi.

Stika za seti ni za maji. Kata moja, ilowanishe kwenye maji ya uvuguvugu sekunde kama 20, itoe, subiri itelezeke kwenye karatasi yake, iteleze mahali pake juu ya rangi inayong'aa (juu ya rangi isiyong'aa huingiza hewa chini), kisha kandamiza maji yatoke kwa kitambaa.

Ila maneno ya kwetu hayamo kwenye boksi. Jina la njia, msemo wa kioo cha nyuma, hayo utayachapisha steshenari. Printa ya kawaida haichapi rangi nyeupe, kwa hiyo herufi nyeupe juu ya mstari wa bluu chapisha pamoja na bluu yake kwenye karatasi nyeupe ya stika, ukate, na upake kingo zake bluu kwa brashi ili weupe wa karatasi usionekane.

Kibao cha namba: wengi huweka cha njano kwa mazoea ya gari la nyumbani. Daladala ni gari la biashara, kibao chake ni cheupe chenye maandishi meusi. Gawa vipimo ulivyochukua kwa 24, na namba itunge, usiandike ya mtu.

Kulichafua

Puliza gari zima vanishi angavu isiyong'aa, mara moja, nyepesi, ukiwa umeziba vioo. Kisha rangi nyeusi ya mafuta iliyozimuliwa sana pitisha kwa brashi nyembamba kwenye mistari ya milango na grili. Futa inayozidi kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa.

Vumbi usinunue. Nenda mahali gari lako linapopita, chota udongo, ukaushe juani, uusage, uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni hadi upate unga. Paka kwa brashi kavu kuanzia chini kwenda juu, nyuma zaidi ya mbele, ndani ya matao ya magurudumu zaidi ya popote. Sehemu ambayo konda hushika mlangoni iache safi, imesuguliwa na mikono. Chini ya mlango wa mafuta acha mchirizi mmoja, mwembamba.

Lifungie kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha, kwani jua hufanya nyeupe kuwa ya njano.

La kwangu nilipolimaliza nililipeleka stendi kwenye boksi la viatu. Konda yule yule alilizungusha mkononi kimya, akachungulia siti, akasoma msemo wa nyuma, akagusa ule uzi wa mkonge. Kisha akaniuliza kwa nini taa ya nyuma ya kulia ni nzima, wakati yao imevunjika tangu Idi. Nikarudi nyumbani nikaitoboa.